Leseni ya utafiti imefika kijijini: mashimo afukie nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji huku Handeni, upande wa Kang'ata. Kuna kampuni imekuja na leseni ya utafiti wa dhahabu, inataka kuchoronga mashimo 40 kwenye mashamba yetu na kipande cha msitu wa kijiji. Wanasema leseni wamepewa na serikali, kwa hiyo kutuomba ruhusa ni adabu tu. Wameleta karatasi moja, mwenyekiti aisaini kwa niaba ya wote; mahindi watalipa. Nilipouliza habari ya mazingira nikajibiwa utafiti si mgodi. Isitoshe kuna mashimo ya kampuni iliyopita, ya miaka mingi, na juzi mbuzi wa jirani amevunjikia mguu humo. Tudai nini kabla ya kusaini, na hayo ya zamani ni ya nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo karatasi moja maana ndiyo yenye haraka. Mwenyekiti asiisaini. Sisemi kampuni ina nia mbaya. Ninachosema ni kwamba karatasi hiyo haiwezi kuwapa wanachodhani itawapa, na ninyi itawanyima kitu mtakachokihitaji baadaye.

Madini yaliyo chini ni mali ya Jamhuri ya Muungano, yamewekwa mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Hilo hakuna wa kubishana nalo. Leseni ya utafiti, inayotolewa na Tume ya Madini, inampa mwenye nayo haki ya kutafuta madini hayo ndani ya mipaka iliyochorwa, kwa miaka 4 ya kwanza, kisha anaweza kuongezewa 3, halafu 2. Shamba halimo. Shamba la mama Fulani linabaki la mama Fulani, na sheria hiyo hiyo inamruhusu aendelee kulima na kuchunga pale ambapo hazuii kazi ya utafiti.

Fungueni Sheria ya Madini, Sura ya 123, kifungu cha 95. Mwenye leseni haruhusiwi kufanya kazi bila idhini ya maandishi ya mtumiaji halali wa ardhi kama yuko ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba, hata nyumba iliyoachwa kwa muda. Ndani ya mita 50 kutoka kwenye ardhi iliyosafishwa, iliyolimwa au yenye mazao. Au ndani ya mita 100 kutoka kwenye josho, bwawa au maji ya mtu binafsi. Makaburi na mahali pa ibada vina ulinzi wake katika kifungu hicho hicho, na misitu yenu ya matambiko msiisahau mtakapokuwa mnaonyesha mipaka, kwa sababu mjiolojia kutoka mjini ataiona ni vichaka tu. Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi huliruka: ardhi iliyovunwa mazao katika mwaka uliotangulia nayo inahitaji idhini. Kwa hiyo wakija Agosti wakasema "mmeshavuna, shamba ni tupu", jibu mnalo.

Mtumiaji halali anayetajwa hapo ni mwenye shamba, mmoja mmoja. Mwenyekiti hana mamlaka ya kumsainia mtu shamba lake, awe na hati ya hakimiliki ya kimila au asiwe nayo. Kijiji kina sauti juu ya ardhi ya pamoja, yaani msitu, malisho na njia, na hapo napo uamuzi unapita kwenye halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, mihtasari ikaandikwa. Kama msitu wenu umetangazwa kuwa hifadhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, basi una mpango wake wa usimamizi na sheria ndogo zake, na kamati ya maliasili lazima iwe mezani tangu siku ya kwanza.

Niwatahadharishe na upande wa pili pia. Kifungu hicho hakiwapi watu nafasi ya kukataa kwa kukomoa. Mwenye shamba akinyima idhini bila sababu ya maana, mamlaka ya madini inaweza kuagiza kwamba idhini yake haihitajiki tena, ikaweka masharti yake. "Hatutaki tu" si sababu. "Hamjatuambia mtafukiaje" ni sababu, na ikiwa imeandikwa kwenye muhtasari wa kikao, ina uzito.

Sasa hilo la "utafiti si mgodi". Ni kweli, na halihusiani na ulichouliza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za tathmini ya athari kwa mazingira za 2005, zilizorekebishwa 2018, zinapanga miradi kwa makundi kulingana na uzito wa athari. Uchorongaji wa mashimo machache shambani huenda usitakiwe kufanyiwa tathmini nene kama ya mgodi mkubwa, lakini anayeamua uko kundi gani ni NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Kampuni haijipangii. Waombeni nakala ya walichopeleka NEMC na nakala ya walichojibiwa. Kama wana mshauri wa mazingira, kazi hiyo imeshafanyika na nakala haiwagharimu kitu. Wakianza kuzungusha maneno, nendeni kwa afisa mazingira wa halmashauri ya wilaya, aulize yeye kwa barua.

Maji yana kibali chake. Mtambo unaotoa mwamba mzima kwa umbo la fimbo, ambao wachorongaji wanauita wa "kore", unakunywa maelfu ya lita kwa siku, na Handeni unaijua kwa maji. Wakitaka kuchota mtoni au lamboni wanatakiwa wapitie Bodi ya Maji ya Bonde: mito inayoingia Msangazi iko chini ya Bonde la Pangani, inayoshuka kuelekea Wami iko chini ya Wami/Ruvu. Lambo la ng'ombe na watu lisiguswe hata wakija na kibali. Walete bowza kutoka mbali. Pia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa, Sheria ya Mazingira inakataza shughuli zinazoweza kuharibu uhifadhi wake, kwa hiyo mashimo ya ukanda huo yasogezwe. Mjiolojia atanung'unika, kisha atainamisha mtambo achoronge kwa mshazari kutoka mbali kidogo. Wanafanya hivyo kila siku.

Vibali vinatosha hapo. Nataka nikae zaidi kwenye kile kinachobaki baada ya mtambo kuondoka, kwa sababu fidia ya mahindi watu huifuatilia wenyewe, ila udongo na mashimo hukumbukwa wakati kampuni haipokei simu. Sehemu kubwa ya utafiti huishia bila mgodi. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya biashara hii, hata kwenye kampuni nzuri. Kwa hiyo pangeni mambo mkijua kwamba uwezekano mkubwa ni hawa watu kuondoka na msiwaone tena.

Mashimo yenyewe kwanza. Kuna aina mbili za uchorongaji mtakazoziona. Moja ni hiyo ya kore, yenye shimo jembamba, chini kidogo ya sentimita 10, na inatumia maji yaliyochanganywa na udongo wa bentonaiti. Nyingine inaitwa RC. Inapasua mwamba na kuupuliza juu kwa hewa ya kompresa ukiwa unga na vipande, na kipenyo chake ni kama sentimita 14. Hilo la RC ndilo la mguu wa mbuzi, na mguu wa mtoto unaingia vilevile. Kila mita ya RC inatoa karibu kilo 40 za mwamba uliosagwa. Shimo la mita 100 ni kama tani 4. Mashimo 40 ya urefu huo ni tani 160 zinazotoka chini na kukaa juu ya mashamba yenu ndani ya mifuko ya plastiki. Sasa piga picha mifuko hiyo baada ya jua la msimu mmoja: plastiki imegeuka maganda yanayopeperuka, mbuzi wanatafuna, na unga umetapakaa. Dhahabu mara nyingi hukaa pamoja na madini ya salfa, na unga wenye salfa ukikutana na hewa na mvua unaweza kutengeneza asidi. Haufai kumwagwa shambani hata wakiwaambia ni "udongo tu".

Njia sahihi ni hii. Sampuli ndogo inakwenda maabara. Mabaki yanasubiri majibu, na hapo muwe waungwana, maana mjiolojia ana haki ya kutaka kurudia kipimo. Majibu yakirudi, mabaki yanarudishwa ndani ya shimo, kwanza yale yenye salfa, yakae chini kabisa. Hayataingia yote, kwa kuwa mwamba ukishasagwa unachukua nafasi kubwa kuliko ulipokuwa mzima. Yanayozidi yanazikwa kwenye shimo la tope lililo pembeni ya mtambo, chini ya udongo wa kawaida. Mifuko inakusanywa na kuondolewa kijijini. Kuichoma hapo hapo si kuiondoa.

Shimo likipita kwenye tabaka la maji, mabaki peke yake hayatoshi. Hapo panatakiwa saruji au bentonaiti ya kuziba, vinginevyo shimo linakuwa mfereji unaounganisha maji ya juu na ya chini, na mafuta au kinyesi cha ng'ombe kilicho juu kinapata njia ya kufika kwenye kisima cha jirani. Waulizeni kabla: shimo lipi lilikutana na maji, na kwa kina gani? Mchorongaji anaandika hilo kwenye daftari lake la zamu, kwa hiyo jibu lipo.

Juu, bomba la plastiki la mdomoni linakatwa sentimita 30 hadi 50 chini ya ardhi, si usawa wa ardhi, ili jembe na plau visiligonge. Kizibo cha zege kinawekwa humo, udongo unarudishwa juu na kuachwa na kichuguu kidogo, maana utashuka mvua zikinyesha. Kofia ya plastiki juu ya bomba ni ya kusubiri tu. Inafaa wakati shimo linapimwa bado, haifai kuwa ndiyo mwisho wake. Jua linaipasua.

Kuhusu shimo la tope linalochimbwa pembeni ya mtambo: lizungushiwe uzio tangu siku linapochimbwa. Likimalizika kazi liachwe likauke au tope livutwe, ndipo lifukiwe. Tope la bentonaiti likifukiwa bichi, juu panakauka na chini panabaki uji kwa muda mrefu, na ng'ombe ana uzito wa kupasua hilo ganda.

Uwanja wa mtambo. Kabla ya tingatinga kugusa chochote, sentimita 15 hadi 20 za udongo wa juu zikwanguliwe na kulundikwa pembeni, lundo lisizidi kimo cha mtu, lisichanganywe na udongo mwekundu wa chini. Mbegu zenu, mbolea yenu na wadudu wa udongo wamo humo. Kazi ikiisha, uwanja utifuliwe kwa kina cha sentimita 30 hadi 50, kukata mteremko na si kuufuata, ndipo udongo wa juu urudishwe. Kuna kipimo rahisi ambacho hata mjumbe asiye fundi anaweza kukifanya: chukua nondo nyembamba, baada ya mvua isukume ardhini kwa mkono kwenye shamba la kando, uone inaingia kiasi gani. Rudia pale uwanja ulipokuwa. Ikigota kwenye kiganja kimoja wakati kando inaingia hadi kwenye kiwiko, hawajatifua, wamepaka udongo juu. Usisaini. Shambani, msimu wa kwanza pandeni mbaazi na kunde kabla ya kurudisha mahindi. Mzizi wa mbaazi unashuka chini na unasaidia kufungua udongo ulioshindiliwa.

Msituni ni tofauti, na hapa kampuni hukosea kwa nia njema. Wanang'oa visiki ili uwanja uwe safi, halafu mwishoni wanaleta miche. Miombo haihitaji miche yao. Inachipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi, mradi ising'olewe. Semeni waziwazi: miti ikatwe juu ya ardhi, visiki vibaki, matawi yatandazwe juu ya uwanja baada ya kazi ili yazuie mmomonyoko na yakinge machipukizi dhidi ya mbuzi. Miti mikubwa kama mpingo na mninga izungukwe. Mtambo unaweza kusogea mita tano.

Na sasa lile ambalo kwa maoni yangu linaharibu kuliko mashimo yote: njia. Kila shimo linahitaji njia ya kupita mtambo, lori la kompresa na bowza. Mjiolojia huchora mashimo kwenye mstari ulionyooka, na dereva huufuata mstari huo moja kwa moja kupanda kilima. Masika ya kwanza maji yanafuata alama za matairi, masika ya pili mna korongo. Njia hizo pia zinaita wakata mkaa, na wachimbaji wadogo wanaoamini kwamba palipochorongwa ndipo palipo na dhahabu. Dhahabu wanayoifukuzia inaweza kuwa iko mita 150 chini, au haipo kabisa. Wao watachimba tu. Kwa hiyo dai njia zichorwe kwenye ramani kabla, zifuate njia zilizopo kadiri inavyowezekana, na zikimalizika zifungwe: zitifuliwe, ziwekewe matuta ya kukatisha maji, ya karibu zaidi panapoinuka, na magogo yalazwe mlangoni. Vuli inaanza Oktoba huku. Kazi ya kiangazi ifungwe kabla ya hapo.

Unaweza kuniuliza: haya yote nani atayasimamia? Sheria inamtaka mwenye leseni afukie au aweke salama alichokichimba, aondoe kambi na mitambo, na atengeneze ardhi aliyoiharibu. Lakini zile dhamana za fedha za ukarabati mnazozisikia zinalenga migodi, yaani wenye leseni za uchimbaji. Kwenye hatua ya utafiti msizitegemee. Dhamana yenu ni sahihi zenu, na ndiyo maana nimesema zisitolewe zote siku moja kwenye karatasi moja.

Uchorongaji huenda kwa awamu. Ni nadra kampuni kuchoronga mashimo 40 bila kusimama. Mara nyingi hufanya kumi au kumi na tano, husubiri maabara, kisha hurudi pale majibu yalipoonyesha dalili ya dhahabu. Kubalianeni kwa maandishi kwamba idhini ni ya awamu, na idhini ya awamu ya pili haitatolewa mpaka mashimo, viwanja na njia za awamu ya kwanza vifungwe. Kila shimo liwe na ukurasa wake: namba, vipimo vya GPS, jina la mwenye shamba, picha kabla ya tingatinga, kina, kama lilikutana na maji, tarehe ya kufukiwa, picha baada ya hapo, na sahihi tatu za mwenye shamba, kampuni na mtendaji wa kijiji. Mtu akikataa awamu ya pili akiwa na kurasa sita zisizo na picha ya mwisho, hakuna atakayemwambia amekataa bila sababu. Fidia ya mazao isisubiri chochote kati ya hayo. Ilipwe kabla ya mtambo kuingia, kwa hesabu inayomhusisha afisa kilimo na wenye mashamba wenyewe.

Wakiwaahidi madawati ya shule, pokeeni mseme asante. Yaandikwe kwenye karatasi nyingine. Nimeona vijiji vinavyobadilishana madawati na mashimo bila kujua. Na mrabaha msiutarajie kwa sasa: unatozwa kwa madini yanayouzwa, na hawa hawajauza kitu.

Kuhakikisha leseni ni ya kweli, chukua namba yake, huanza na herufi PL, uilinganishe na ramani ya leseni ya Tume ya Madini mtandaoni, au nenda ofisi ya Afisa Madini Mkazi mkoani. Angalia jina la mwenye leseni ni lile lile lililo kwenye barua mliyoletewa. Mara nyingi aliye mbele yenu ni mkandarasi wa kuchoronga au mbia, na atakayewajibika kwa ukarabati ni yule aliyeandikwa kwenye leseni. Mkataba uwe naye.

Nimalizie na ya zamani. Mwenye leseni mpya habebi moja kwa moja madeni ya aliyetangulia, kwa hiyo msiende kwake mkimfokea. Nendeni nalo kwa namna nyingine. Yatembeleeni yote sasa na vijana wanaojua walipochorongewa, yapimeni kwa GPS hata ya simu, yapigeni picha, kisha orodha hiyo ipelekwe kwa Afisa Madini Mkazi mkiomba aangalie leseni ya wakati huo ilikuwa ya nani. Nakala wekeni mezani mkikutana na kampuni mpya, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa hakuna atakayekuja kudai baadaye kwamba mashimo yao ni ya zamani. Ya pili ni kwamba mjiolojia yeyote anatamani kujua midomo ya mashimo ya zamani iko wapi hasa. Data za utafiti wa nyuma zinawekwa GST, taasisi ya serikali ya jiolojia iliyoko Dodoma, na akiweza kuzifunga na alama zilizopo ardhini anaokoa pesa nyingi za kuchoronga upya. Mna kitu anachokitaka. Mwambieni mtamwonyesha yote, atayapima, na atayafukia akimaliza. Saruji ya kuziba shimo moja ni kidogo sana mbele ya gharama ya kulichoronga.

Wakati mnasubiri, lile lililomvunja mbuzi lifunikwe leo kwa jiwe bapa zito, na juu yake mweke miiba. Msitupie takataka wala mizoga ndani.